Likizo ya Desemba na Kikombe cha Maji

Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, huku pwani ndipo kaskazi inapoanza kuvuma na joto kuzidi. Maembe yameiva, watoto wote wako nyumbani, na mama kazi imemzidi: kupika, kufua, kuchota, kuamua ugomvi. Basi mdogo huachiwa dada yake wa miaka minane, naye kaka mtu yuko uwanjani anacheza mpira. Kwa nini kaka asishike zamu? Mkono wa mvulana nao waweza kubeba mtoto.

Linalosahauliwa katika pilikapilika hizo ni maji. Mtoto wa miaka miwili akicheza juani hakumbuki kiu mpaka amelegea. Apewe kikombe hata kama hajaomba. Lakini mtoto mchanga asiyetimiza miezi 6 asipewe maji, hata bibi akisema koo linamkauka. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Akiharisha mkubwa wake, msimnyime kinywaji. Kama hamna pakiti ya dawa ya maji kutoka zahanati, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visirundike. Korogeni, anyweshwe kidogo kidogo. Chumvi isizidi kamwe. Macho yakimwingia ndani, au akishindwa kunywa, mbebeni zahanati saa ileile. Wali jikoni utaungua, na uungue.