Kadi moja ya grafiki au mbili?
Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha kwenye skrini ya kompyuta. Je, ukinunua kompyuta mpya ya kibanda cha michezo, uweke kadi mbili? Tunashauri moja yenye nguvu. Tuchukue GTX 1080 ya NVIDIA, yenye kumbukumbu ya GB 8. Ukiunganisha mbili, kwa kawaida mchezo hupata GB 8 zilezile, kwani kila kadi hubeba nakala yake. Tangu 2021, NVIDIA haiandai tena michezo mipya kwa mfumo huo wa kuunganisha, hivyo mara nyingi kadi ya pili hukaa bure. Kadi moja hula hadi wati 180. Mbili ni 360. Kwa mwenye sola, betri itaisha mapema.