Hesabu ya Punda wa Kwanza

Wakulima wengi wa skimu katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho hadi Sotik na Bomet, hutamani kuwa na mnyama wa kuwabebea mizigo. Farasi ni mnyama mzuri, lakini kumlisha ni ghali, tena huuawa upesi na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi. Farasi wa mkulima mdogo ni punda. Bei yake huonekana ndogo ukiilinganisha na bei ya ng'ombe wa gredi, na hapo ndipo watu hukosea: huuliza bei ya kumnunua, wasiulize gharama ya kuwa naye.

Kabla hujaenda mnadani, keti na kalamu na uhesabu safari zako. Je, kila siku unapeleka maziwa kwenye mtambo wa kupozea? Maji unayateka mtoni mara ngapi kwa juma? Mbolea na mahindi huja mara chache tu kwa mwaka, kwa hiyo usiyategemee sana katika hesabu hii. Majani chai mabichi nayo yataka uangalifu, maana yakishindiliwa ndani ya gunia na kufungwa kamba juu ya mgongo wa punda hupata joto na kuwa mekundu, na kwenye kituo cha kununulia hayatapokelewa.

Sasa tuandike hesabu yenyewe. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Weka bei za soko lako mahali pake. Tuseme punda ni shilingi 20,000, banda lake 12,000, na matandiko 3,000. Jumla ni 35,000. Punda aliyetunzwa vizuri aweza kukufanyia kazi miaka 10 na zaidi, basi gawanya kwa 10, upate 3,500 kwa mwaka.

Halafu yaja matumizi ya kila mwaka. Kupunguza kwato kila baada ya miezi miwili, mara 6 kwa shilingi 300, ni 1,800. Dawa ya minyoo 600. Chanjo ya pepopunda pamoja na ujira wa daktari wa mifugo 1,500. Kamba na kutengeneza matandiko 1,200. Chumvi 600. Chakula cha kununua wakati wa kiangazi 3,000. Akiba ya ugonjwa 3,000. Jumla 11,700. Ukiongeza zile 3,500 utapata shilingi 15,200 kwa mwaka.

Punda akifanya kazi siku 5 kwa juma, majuma 50, hizo ni siku 250, na kila siku ya kazi itakugharimu kama shilingi 61. Lakini akifanya kazi siku 2 tu kwa juma, yaani siku 100, kila siku itakugharimu shilingi 152, kwa kuwa punda asiyefanya kazi hula vilevile na kwato zake hukua vilevile. Linganisha na unacholipa leo kwa mwenye bodaboda au kwa jirani mwenye mkokoteni. Ikiwa unalipa pungufu ya hapo, endelea kukodi, wala usione haya.

Kuna gharama moja ambayo mkulima wa Kericho hawezi kuikwepa, hata kama ndugu yake wa upande wa Chepalungu huona si kitu: mvua. Asili ya punda ni nchi kavu. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, na mvua ikimnyeshea usiku kucha hutetemeka, hukonda na kupata homa ya mapafu. Mjini Kericho mvua hupita milimita 1,800 katika mwaka wa kawaida, na hakuna mwezi usio na mvua. Kwato zinazokaa matopeni hulainika na kuoza, na punda anayechechemea habebi kitu. Kwa hiyo banda ni sehemu ya bei ya punda, wala si pambo la kujengwa baadaye. Mabati machache na ukuta upande wa upepo vyatosha. Sakafu ndiyo muhimu: inuliwe kwa mawe na changarawe, iwe na mteremko ili maji yatoke. Mwenye fedha za punda tu, asiye na za banda, angoje.

Usidhani utafidia gharama kwa kuongeza mzigo. Punda wa kilo 150 asibebeshwe mgongoni zaidi ya thuluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Madebe mawili ya lita 20 ni kilo 40, na hayo yafaa. Madebe manne ni kilo 80, nayo tunayaona barabarani kila siku. Punda huyo atapata vidonda vya mgongo na miaka yako 10 itakuwa mitatu. Ukinunua jike, kumbuka kwamba hubeba mimba karibu miezi 12. Mpumzishe miezi mitatu ya mwisho, na mingine mitatu baada ya kuzaa, na uziondoe siku hizo katika hesabu.

Chakula si taabu kubwa. Nyasi kavu na mabua ya mahindi, kama kilo 3 kwa siku, humtosha punda wa kiasi hicho. Usimpe chakula cha kuku, maana kingine hutiwa dawa iwezayo kumwua. Na usimnyunyizie dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi, humfunga matumbo. Mwulize afisa wa mifugo dawa impasayo punda.

Jambo la wizi nalo lina gharama zake. Tangu 2016 vichinjio vya punda vilipofunguliwa nchini, ngozi zikipelekwa China, punda wengi waliibwa. Hesabu ya watu na mifugo ya 2009 ilionyesha punda zaidi ya 1,800,000. Ile ya 2019 chini ya 1,200,000. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikaiondoa marufuku 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani. Weka mlango wa banda wenye kufuli, na usinunue punda gizani kwa bei ya chini: dai barua ya chifu wa muuzaji, na kibali cha kusafirisha mnyama kutoka kwa afisa wa mifugo.

Wengi hununua punda wakati bonasi ya chai inapolipwa, karibu na Oktoba, nazo fedha zote huisha siku hiyo. Yafaa siku hiyohiyo uweke kando zile 11,700 za mwaka wa kwanza. Zikikaa katika chama chenu cha akiba, unaweza kuchukua kidogo kila fundi wa kwato ajapo.