Umemtumia linki, mbona hajibu?

"Nimekutumia kitu tangu asubuhi, hata neno moja hukusema!"

"Nilifungua baba, ikanitaka nijisajili upya. Nikaachana nayo."

Ukisikia wawili wakijibizana hivi, usiharakishe kudhani mapenzi yamepoa. Huenda wote wanatumia Mastodon, ila kila mmoja kajiandikisha kwenye seva yake, na hakuna aliyewaambia linki inasafirije kutoka seva moja kwenda nyingine.

Mastodon ilianzishwa nchini Ujerumani mwaka 2016 na kijana aitwaye Eugen Rochko. Tofauti na Facebook, haina mwenyewe mmoja. Ni maelfu ya seva zinazoendeshwa na watu na vikundi tofauti, zikielewana kwa lugha iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la W3C liliipitisha rasmi mwaka 2018. Ni kama simu tu: wewe una laini ya Vodacom, mwenzio ana Airtel, na mnapigiana bila shida. Lakini jaribu kwenda duka la Airtel kudai salio lako la Voda uone watakavyokucheka!

Linki nayo ndivyo ilivyo. Ukiinakili kutoka kwenye posti, kwa kawaida inabeba anwani ya seva ya aliyeiandika. Mpenzi wako akiibofya kwenye WhatsApp, inampeleka huko huko. Picha ataiona, lakini pale yeye ni mgeni, hana akaunti. Akitaka kupenda au kujibu, anaulizwa anatokea seva gani. Wengi hapo ndipo wanapokata tamaa.

Dawa yake ni rahisi

Mwenzio ainakili ile linki, afungue Mastodon yake mwenyewe, kisha aibandike kwenye sehemu ya kutafutia. Seva yake itaifuata ile posti iliko na kumletea nyumbani. Hapo atapenda, atajibu na kuwasambazia rafiki zake apendavyo. Asithubutu kuandika paswedi yake kwenye seva ya watu. Kwanza haitambuliki kule, pili matapeli wanapenda sana watu wa namna hiyo.

Usimhesabie

Kuna jambo jingine linalozua maneno. Wewe unaona majibu 12 chini ya posti, mwenzio anaona 5. Eti anakuficha? Hapana. Kila seva inahifadhi nakala yake, na inaonyesha majibu na alama za kupenda zilizoifikia. Mkitaka hesabu kamili, fungueni posti hiyo kwenye seva ilikoandikiwa.

Vilevile, kuna posti ambazo mwandishi kaziruhusu kwa wafuasi wake tu. Kama mwenzio hamfuati mtu huyo, linki haitamfungukia hata aibandike mara ngapi. Usimpigie picha ya skrini na kumtumia. Aliyeandika alichagua wasomaji wake, na wewe ukiwa mmoja wao amekuamini.

Na mambo ya ndani je?

Hapa naomba tuwe makini, wapenzi wasomaji. Ujumbe binafsi kwenye Mastodon haufungwi kwa namna ambayo ninyi wawili tu ndio mnaoweza kuusoma. Mnapokuwa kwenye seva mbili, nakala inakaa kote kuwili, na wasimamizi wa kila upande wana uwezo wa kuuona wakiamua. Ukijuta na kuufuta, seva yako itaiarifu ile nyingine ifute pia. Kwa kawaida hutii, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia.

Kwa hiyo habari za dunia, mapishi na vichekesho, tumianeni linki mpaka mchoke. Ya chumbani mwambie akirudi nyumbani. Hayo hayahitaji seva.