NYAMA YA MBUZI: UMRI NA KUHIFADHI

Pengine umenunua nyama ya mbuzi kwa fedha yako, ukaipika tangu asubuhi, na hata adhuhuri bado ilikuwa ngumu. Je, sababu ni nini? Sikiliza.

Kwanza ni umri. Nyama ni nyuzi nyembamba zilizofungwa pamoja kwa utando. Mbuzi akiwa mdogo, utando huo ni laini; kadiri anavyokua, unazidi kukaza. Basi kabla ya kununua mbuzi, mfungue kinywa. Ana meno manane ya mbele, nayo yako chini tu, juu hana. Yote yakiwa madogo, hayo ni meno ya utoto: kwa kawaida hajapita mwaka mmoja na nusu. Yote manane yakiwa makubwa, ana miaka karibu 4 au zaidi. Nyama ya mbuzi mdogo yafaa kuchomwa. Ya mbuzi mzee itokose polepole, kwa maji ya kutosha na moto mdogo, mpaka utando ulainike.

Pili ni kuhifadhi. Saa chache baada ya mbuzi kuchinjwa, nyama hukakamaa, baadaye hulegea. Ikitundikwa siku kadhaa katika chumba cha baridi, digrii 0 mpaka 4 za Sentigredi, huzidi kulainika. Lakini mbuzi hana mafuta mengi ya kumfunika. Nyama yake ikitiwa katika baridi kali mara tu baada ya kuchinjwa, nyuzi hujikunja ikawa ngumu zaidi. Kwa hiyo yafaa baridi iongezwe kidogo kidogo.

Na asiye na chumba cha baridi, je, aitundike jikoni siku mbili ilainike? Hasha! Penye joto, kijidudu kimoja chaweza kuwa viwili katika dakika 20. Nyama hiyo hulainika kwa kuoza, na sumu nyingine za vijidudu haziondoki hata ukiipika. Mlaji atahara na kutapika.

Kwa hiyo ipike siku ile ile, na kabla ya kuipika ikinge na nzi na jua. Inayobaki ikate vipande vyembamba, itie chumvi, uianike mpaka ikauke kabisa.

Kumbuka: dawa ya nyama ya mbuzi mzee ni moto mdogo, si kuiweka penye joto.

Maswali ya darasa:
1. Utajuaje umri wa mbuzi?
2. Kwa nini tusiiache nyama jikoni siku mbili?