Mlangoni Hapakufukiwa Kitu

Swali limekuja tena, safari hii kwenye arobaini ya fundi cherehani mmoja wa Tanga, mzee ambaye kila Idi aliwashonea wajukuu nguo kwa mkono wake. Wanawe, watu wazima na wasomi, walinivuta pembeni: "Daktari, sasa baba kapumzika, tuambie ukweli. Nani alimfukia kitu mlangoni?"

Hakuna. Mzee alikuwa na ugonjwa wa Parkinson: seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa polepole, na mwili hupoteza wepesi wake. Haukuanzia mlangoni. Ulionekana kwanza kwenye daftari lake la vipimo. Kurasa za zamani, vifua na mikono ya wateja imeandikwa kwa tarakimu pana. Kurasa za mwisho tarakimu zimesinyaa na kubanana hata kijana wake wa dukani akawa anakata kitambaa kwa kukisia. Mwandiko kusinyaa ni dalili, sawa na kutosikia harufu, choo kigumu na uso mkavu unaofanya watu waseme "mzee siku hizi kanuna". Hakununa.

Dalili hizo hazikumshtua mtu. Kilichoshtua ni miguu kuganda. Anavuka sebule vizuri, akifika mlangoni nyayo zinanata sakafuni, magoti yanatetemeka, haendi mbele wala nyuma. Basi, kategwa! Mganga akaitwa, kizingiti kikavunjwa, kikatolewa kitambaa chekundu chenye misumari na nywele, na shangazi mtu akatajwa.

Tuulizane yale ambayo mganga haulizwi. Kama kitu kilifukiwa kwenye mlango wa nyumbani, mbona mzee aliganda pia kwenye mlango wa msikiti, wa zahanati, na kila alipogeuka kwenye ujia mwembamba? Shangazi alifukia kote huko? Mbona mgonjwa anayeganda mahali tambarare aghalabu hupanda ngazi bila shida? Mbona wengi hulegea miguu nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza dawa, na hukakamaa tena inapoisha nguvu? Uchawi gani huo unaofuata saa za vidonge? Na Muhammad Ali, aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1984 akaishi nao mpaka alipofariki mwaka 2016, huko Marekani alitegwa na shangazi yupi?

Hapo hujibiwa kwa ushindi: "Lakini daktari, mganga alipomaliza, baba alitembea!" Ndiyo, alitembea. Mganga alilaza ufagio sakafuni akamwamuru auruke, akauruka, vigelegele vikapigwa. Kinachoharibika ni hatua zile tunazopiga bila kufikiri. Ukimpa mgonjwa kitu cha kulenga kwa macho, ubongo hutumia njia nyingine, na mguu hunyanyuka. Mstari wa chaki ungefanya vivyo hivyo, na chaki haidai mbuzi. Ufagio ulifanya kazi, kitambaa kikapewa sifa. Kesho yake ufagio ulirudi jikoni na mzee akaganda palepale, ikasemwa shangazi kafukia upya.

Hasara haiishii kwenye mbuzi. Watafiti walipopita vijijini wilaya ya Hai, Kilimanjaro, katikati ya miaka ya 2000, walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Wakati nyumba inafukuliwa, mtu anakaa bila dawa, anaanguka, anavunjika nyonga, au anapaliwa na chakula hadi mapafu yanaharibika. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyoua.

Yanayosaidia ni haya, na yaandikeni. Mpelekeni mgonjwa hospitali ya rufaa. Dawa kuu ni levodopa pamoja na kabidopa. Haiponyi, ila hurudisha miaka ya kujifunga vifungo mwenyewe. Imezwe kwa saa ileile kila siku, nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama na maharage huizuia isifyonzwe vizuri. Isikatishwe ghafla hata siku moja. Akianza kuona watu wasiokuwepo, si pepo. Huenda ni dawa au ugonjwa wenyewe, mwambieni daktari. Kataeni metoklopramidi kwa kichefuchefu na haloperidoli kwa fadhaa: zote huzidisha ukakamavu. Mlangoni bandikeni utepe wa rangi, mstari baada ya mstari. Akiganda msimvute, mhesabieni moja, mbili, tatu, au wekeni mguu wenu mbele yake auvuke. Ondoeni mikeka inayoteleza. Ale akiwa ameketi wima, bila haraka. Anywe maji, ale mboga, atembee kila siku. Anayemuuguza naye apate wa kumpokea zamu, maana huchoka kabla ya mgonjwa.

Nanyi ambao mzee wenu ameshazikwa, mkumbukeni kwa nguo alizoshona na watoto aliowalea, wala msimwekee kumbukumbu ya mchawi. Kama kuna ndugu mliyemtenga kwa sababu ya kitambaa chekundu, nendeni kwake wiki hii mkamwombe radhi. Hakufanya lolote.