« Pole » na Kamusi ya Simu

Mwanafunzi wa Lubumbashi amwandikia rafiki aliyefiwa: « Pole sana. » Simu iliyowekwa katika Kifaransa yaweza kuligeuza neno hilo liwe « pôle », yaani ncha ya dunia. Kosa si la mwandishi. Programu hulinganisha herufi zilizobonyezwa na orodha ya maneno, kisha huteua lililo karibu na litumikalo zaidi. Lakini kitenzi chetu hakienei katika orodha: « nitakupigia » kimeunganisha nafsi, wakati, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio, mzizi mmoja huzaa maelfu ya maumbo. Ndiyo maana mstari mwekundu huonekana chini ya Kiswahili kilicho sahihi kabisa, na wengi (nami nimo) hukimbilia Kifaransa. Heri kuongeza kibodi ya Kiswahili, au kuuzima usahihishaji huo, kabla ya kutuma rambirambi.