Hulka ya Binadamu katika Fikra za Kijamaa

Wapinzani wa ujamaa aghalabu hudai kwamba mfumo huo hauwezi kufaulu maadamu binadamu ni mbinafsi kwa hulka. Wajamaa wenyewe hawajawahi kulijibu dai hili kwa kauli moja, na hitilafu zao si za kupuuzwa, kwa kuwa anayetaka kujenga jamii mpya hana budi kuamua kwanza mtu ni nani.

Robert Owen, aliyesimamia kiwanda cha pamba huko New Lanark, Uskoti, alishikilia kwamba tabia ya mtu hufinyangwa na malezi na mazingira. Mwaka 1825 alianzisha kijiji cha ushirika, New Harmony, nchini Marekani. Kufikia 1827 jaribio hilo lilikuwa limesambaratika. Karl Marx, katika maandishi yake ya 1845 kuhusu Feuerbach, alikana kwamba kiini cha ubinadamu kimo ndani ya mtu mmoja mmoja. Alikiona katika jumla ya mahusiano ya kijamii. Naye Kropotkin, ambaye safari za Siberia zilimfunza mengi kuhusu maisha ya wanyama, alitetea katika kitabu chake cha 1902 kwamba kusaidiana ni silika iliyoviwezesha viumbe kudumu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mjadala huu unanoga zaidi kwa Julius Nyerere. Katika insha yake ya 1962 aliueleza ujamaa kuwa hali ya moyo, jambo ambalo Mwafrika hakuhitaji kufunzwa upya kwa kuwa lilikuwa katika jamii yake ya jadi. Miongoni mwa ushahidi wake ni methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia kuonyesha kwamba kila mtu alikuwa mfanyakazi. Hata hivyo, jembe hilo lina neno lake. Wahenga wasingelihimiza kama hawakumjua mgeni anayependa kula asipolima.

Nyerere alikiri kwamba ukoloni uliuharibu moyo huo. Lakini ikiwa mazingira yaliweza kuuharibu, basi haukuwa hulka isiyobadilika, na hapo anawakaribia Owen na Marx kuliko alivyopenda kukubali. Ugumu ulidhihirika baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mwanzoni watu walishawishiwa kuhamia vijijini kwa hiari. Mwaka 1973 kuhamia huko kukawa amri, na 1976 ikawekwa kuwa kikomo. Mahali pengi nguvu ilitumika. Yaani, watu walioaminiwa kuwa wajamaa tangu enzi za mababu walilazimishwa kuishi kijamaa.

Euphrase Kezilahabi aliishughulikia kadhia hii katika Gamba la Nyoka (1979), riwaya ambamo wanakijiji wanakataa kuhamishwa. Wanaokataa humo si mabepari. Ni wakulima wenye ndugu, majirani na mashamba, na wanaoletewa ujamaa na watu wasiokuwa jamaa zao.